Mimi Tu

Kuna watu wakipiga hodi unawajua kabla hawajajitaja. Dativa alikuwa wa namna hiyo. Angegonga mlango kidogo, kama anayeogopa kuuumiza ubao, na akiulizwa "Nani?" angejibu vilevile miaka nenda miaka rudi: "Ni mimi tu." Hapo mwenye nyumba angesema, "Pita, Mama Justa," kisha akaendelea na shughuli zake, maana aliyekuja si mgeni wala mjumbe, na hakuna haja ya kumfagilia sebule.

Hilo "tu" alitembea nalo kila mahali. Kazi yake ilikuwa kupeta mchele kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga pale Ifakara, upande wa Kibaoni. Ukimuuliza kazi, atakwambia, "Napeta tu." Ukimsifia kitenge, "Cha zamani tu." Akipika mboga watu wakanyamaza kwa utamu, "Nimechemsha tu." Mumewe Lukelo, dereva wa bajaji na mtani asiye na likizo, alizoea kusema kwamba siku Dativa atakapofika mbele za Mungu na kuulizwa yeye nani, atajibu "mimi tu," na malaika watamwambia akae pembeni wamsubiri mhusika. Dativa alicheka kila mara. Alicheka kwa sababu ilichekesha, na pia kwa sababu kicheko kilifunika mahali palipokuwa panauma.

Palianza kuuma zamani. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akachukuliwa kutoka Masagati, kule mbele ya Mlimba, akaletwa Ifakara kwa mjomba wake. Nyumba ya mjomba ilikuwa na watoto tele, na wageni walipokuja walitajiwa watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Wakifika kwa Dativa, mke wa mjomba alisema bila ubaya wowote, "Na huyu? Huyu ni wa kuletwa tu." Hakupigwa, hakunyimwa chakula, alisomeshwa kama wenzake. Lakini lile neno dogo lilimganda. Alikua nalo, akaolewa nalo.

Sasa mwaka huu Mzee Dionisi na mkewe, Bibi Brigitha, walikuwa wanatimiza jubilei ya dhahabu ya ndoa yao, na mtaa mzima ulikubaliana kuwafanyia sherehe. Kamati iliongozwa na Bi Asmahani, mwenye duka la kona, ambaye wazazi wake walitoka pwani wakafuata biashara ya mchele wasirudi. Yeye ni Mwislamu na wazee wale ni Wakatoliki, ila alishasema kwamba Bibi Brigitha ndiye aliyewapokea wanawe wote walipozaliwa, na anayetaka uenyekiti huo aje aupiganie. Hakutokea mtu.

Kila kitu kilikwenda sawa mpaka siku chache kabla ya sherehe. Ndipo Mama Balbina, mpishi wa shughuli zote za mtaa ule, akapiga simu kutoka bondeni huko alikokwenda kumwona dada yake. Mvua zimekata barabara, hatoki leo wala kesho, wamtafute mtu mwingine wa jikoni.

Kikao cha dharura kikaitwa uani kwa Bi Asmahani. Dativa alichelewa. Alitoka kazini moja kwa moja, pumba zikiwa bado kwenye nyusi, akafika kwenye geti la mabati akapiga hodi yake ile ya kunong'ona. Wakati huohuo, ndani, Bi Asmahani alikuwa amesimama anauliza kwa sauti, "Jamani, swali ni moja. Jiko la Jumamosi atalisimamia nani?"

Waliokuwa ndani walitazama vidole vya miguu yao. Kupikia watu wa mtaa mzima si mchezo. Ukipatia watasema nyama ilikuwa nzuri, ukikosea watasema mpishi alikuwa mbaya. Nje, bajaji ilikuwa imepita ikinguruma, na Dativa alichodaka ni mkia wa swali peke yake: "...nani?" Akajua anaulizwa yeye. Akajibu kama anavyojibu siku zote.

"Ni mimi tu."

Kiswahili nacho kina ukorofi wake. Kuna "mimi tu" ya mnyonge, maana yake usijisumbue, hajaja mtu wa maana. Na kuna "mimi tu" ya jogoo, maana yake mimi peke yangu, asiniingilie mtu. Maneno ni yaleyale. Tofauti inakaa kwenye masikio ya anayesikia, na masikio yaliyokuwa uani kwa Bi Asmahani yalikuwa na shida ya mpishi. Geti lilipofunguliwa, Dativa alipokewa kwa makofi.

Akageuka nyuma kuangalia ni nani anayepigiwa.

"Mama Justa, Mungu akubariki," alisema Bi Asmahani. "Sikujua kama una moyo huo."

"Shikamoo, Bi Asmahani. Moyo gani?"

"Marahaba. Moyo wa jiko. Nimeuliza nani atasimamia, umesema wewe tu."

"Hapana, mimi nilidhani naulizwa nani anapiga hodi."

"Basi umejibu maswali mawili kwa mpigo. Kaa."

Mama Teofili, mshonaji wa jirani, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala njaa, alijishika kiuno. "Tangu lini Dativa akapikia watu? Huyu si wa kumenya vitunguu saumu?"

Ajabu ni kwamba Dativa alikaribia kumshukuru. "Ni kweli anachosema," alisema haraka. "Mimi si wa mbele, Bi Asmahani. Kama ningekuwa mpishi, si mngekuwa mmeshaona? Chema chajiuza."

"Chema chajiuza, sawa," alijibu Bi Asmahani, akikunja kanga yake. "Mimi nimekaa dukani tangu usichana wangu, na sijaona hata sukari ikijiuza kabla sijafungua mlango. Kikao kimefungwa."

Nyumbani, Lukelo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa fulana. Alipomaliza alisema kwa sauti nyingine, "Lakini unaweza."

"Siwezi."

"Mimi nimekula kwako tangu tuoane. Ushahidi ninao hapa." Akajipiga tumbo.

"Kesho asubuhi nakwenda kuwaomba msamaha wamtafute mwingine," alisema Dativa, na alikuwa anamaanisha. Alishapanga hata maneno. Angesema mgongo unamsumbua. Angejitolea kumenya vitunguu vyote vya sherehe, peke yake, kama fidia. Alipofikiria vitunguu moyo wake ulitulia, kwa sababu hakuna anayeuliza vitunguu vimemenywa na nani.

Ndipo mlango ukagongwa, kidogo, kama na mtu anayeogopa kuuumiza ubao.

"Nani?" aliuliza Dativa.

"Ni mimi tu."

Alikuwa Justa, binti yao, anatoka kwenye masomo ya jioni. Dativa alikuwa amelisikia jibu hilo kwa mtoto mara nyingi, bila shaka, kama mtu anavyosikia feni. Jioni hiyo lilimfikia.

"Justa, kwa nini unasema 'tu'?"

Mtoto alishangaa. "Si ndivyo tunavyosema kwetu?"

Kisha, akiwa anavua viatu, akaeleza mengine bila kujua anaeleza nini. Darasani wamechora ramani ya bonde lao kwenye karatasi kubwa, mto Kilombero na vijito vyake vyote na milima ya Udzungwa kwa juu. Mwalimu ameisifia sana, akauliza aliyechora mto ni nani.

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni mimi tu."

"Naye akasema nini?"

"Akasema haya, kaa."

Dativa aliumia. Miaka yote alidhani lile neno ni mzigo wake mwenyewe, ameuzoea, haumzuii mtu njia. Hakujua kwamba alikuwa anaugawa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema wahenga, na hawakusema kwamba malezi ni yale tu unayoyakusudia. Asubuhi alikwenda kwa Bi Asmahani kama alivyopanga, ila alichokwenda kuuliza ni habari ya masufuria.

*

Jumamosi, misa ikiwa inaendelea kanisani, uani kwa Mzee Dionisi moto ulikuwa umekolea. Kulikuwa na masufuria ya pilau yaliyokaa kwenye mafiga, sufuria la nyama ya ng'ombe aliyechinjwa na kijana wa Bi Asmahani ili kila mtu ale kwa amani, na sufuria moja kubwa la wali mweupe kwa ajili ya wasiopenda viungo. Mchele ulikuwa wa bondeni, mpya, ambao ukichemka jirani wa mtaa wa tatu anaanza kutafuta sababu ya kupita. Dativa aliupeta mwenyewe. Alifunga kitenge, akakoroga pilau kwa mwiko mrefu kama kasia, na kwa muda mrefu kila kitu kilikwenda vizuri, kwa sababu alichoweza kufanya kwa mikono yake alikifanya.

Tatizo lilikuwa mdomo. Msimamizi wa jiko lazima aseme, fulani fanya hiki, fulani acha hicho, na Dativa hakuwahi kumwambia mtu mzima acha hicho. Alipopita karibu na wali mweupe akaona maji yanakaribia kukauka kabla punje hazijaiva, alisema kwa upole, bila kumtazama yeyote, "Labda mtu aongeze maji kidogo pale, kama hatajali."

Akaenda kuangalia nyama.

Sasa jiko lile lilikuwa na wanawake wengi, na kila mmoja alikuwa mtu. Mama Teofili alisikia "mtu" akajua ni yeye, akamimina jagi. Shemeji yake Bibi Brigitha naye, aliyekuwa ametoka kutafuta kuni, alikumbuka agizo, akamimina jagi. Mwanamke mmoja wa kwaya, aliyekuja kusaidia tu na anapenda kusaidia, alimimina la tatu na kufunika vizuri. Hakuna aliyekosea hata mmoja. Mtu aliambiwa aongeze maji, mtu akaongeza. Katika ua ule wote aliyekuwa hajihesabu kuwa mtu alikuwa ni msimamizi peke yake.

Mama Teofili ndiye aliyefunua. Akachota kwa mwiko, akauinua juu, na wali haukuanguka punje punje. Ulining'inia, ukafikiria, kisha ukadondoka kama tope la shambani.

"Bokoboko," alisema Mama Teofili kwa sauti ya kutosha ua mzima. "Wali huu kaupika nani?"

Mikono yote ilisimama. Shughuli ya watu, na padre yuko njiani, na wageni wengine wametoka mpaka Sanje kwa pikipiki. Lile jibu la Dativa la siku zote lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tayari kumtoa pale, kumrudisha pembeni kwenye vitunguu. Nani? Mimi tu. Haya, kaa.

Karibu na meza alisimama Justa, amekumbatia sahani hadi kidevuni, anamtazama mama yake.

"Ni mimi," alisema Dativa.

Ua mzima ukasubiri lile neno la mwisho. Halikuja.

"Nimesema mtu aongeze maji, sikumtaja mtu. Nyinyi mmefanya mlichoambiwa. Kosa ni la kwangu na nimeliona." Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini iliendelea kutoka, na alipoisikia inaendelea aliifuata. "Sasa sikilizeni. Dada wa kwaya, naomba uoshe mchele mwingine, ule wa kwenye ndoo ya bluu. Shemeji, kuni. Mama Teofili, wewe utakaa na moto wa pilau, asiusogelee mtu mwingine."

"Mimi?"

"Wewe. Moto wa kuni unaujua kuliko mimi. Na hili bokoboko msilimwage, nileteeni tui la nazi."

 Mama Teofili akajifunga kanga upya, jambo ambalo kwake ni sawa na kupiga saluti. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema, kama vile wazo hilo lilikuwa lake tangu mwanzo, akaenda kukaa na moto.

Dativa alibaki ameshika mwiko, akashangaa. Wali ulikuwa umeharibika, na yeye hakuwa ameharibika. Maisha yake yote alidhani vitu hivyo viwili vimefungwa kamba moja, ukianguka huu na yule anaanguka. Kumbe kamba haikuwepo. Alifurahi mpaka akataka kucheka peke yake, ila alikumbuka nyama.

Wali mwingine ulipikwa, kwa maagizo yenye majina, ukatoka umechambuka. Watu wakala. Pilau ilisifiwa, ingawa mzee mmoja mwenye kofia alimwita Dativa na kumwambia kwamba chumvi imepungua. Mwaka jana neno hilo lingemlaza macho. Alionja kutoka pembeni ya sahani yake. "Kweli, imepungua kidogo, baba," akasema, akamsogezea kikopo cha chumvi na kupita kwenda meza nyingine.

Lile bokoboko, lililolainishwa kwa tui na kutiwa hiliki kidogo, alilipeleka mwenyewe kwa sufuria dogo kwenye meza ya wenye sherehe. Mzee Dionisi alikuwa na meno machache, na Bibi Brigitha alikuwa na machache kuliko ya mumewe. Bibi akala kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Kisha akamshika Dativa mkono.

"Mwanangu, kila sherehe ya nchi hii nakaa natafuna hewa, wananipikia mawe. Leo ndiyo napikiwa mimi. Umejuaje?"

Dativa angeweza kusema alijua. Hakuna aliyekuwa karibu wa kumkanusha. "Sikujua, bibi. Nilikosea maji, ndipo nikawakumbuka nyinyi."

"Basi Krismasi ukosee tena," alisema Bibi Brigitha, akamsogezea mumewe lile sufuria dogo ili yeye asilimalize peke yake.

Lukelo alikuwa karibu, akalisikia neno hilo, na ndani ya muda mfupi kila abiria wa bajaji yake alikuwa ameshalisikia pia, likiwa limeongezewa chumvi iliyopungua kwenye pilau.

*

Usidhani neno lilikatika siku moja. Jumatatu kwenye mashine, mteja alimuuliza kama yeye ndiye anayepeta, na Dativa akasema, "Ndiyo, napeta t..." akalimeza, likampalia, akakohoa mpaka akapewa maji. Mama Teofili, ambaye tangu ile Jumamosi alijifanya mwangalizi wa lugha, alimkamata mara mbili kisimani. Lakini Dativa alikuwa analisikia likija, na mtu akisikia mgeni anakuja anaweza kuamua kama atamfungulia.

Lililomkaa moyoni lilikuwa jingine. Mtoto alikuwa ameona, sawa. Ila watoto huona mengi, na si yote wanayoyachukua. Hakutaka kumhubiria. Yeye mwenyewe hakuwahi kuponywa na hotuba.

Jioni moja alimtuma Justa kurudisha bakuli kwa Bi Asmahani, lile ambalo Bi Asmahani aliwapa limejaa hiliki na mdalasini wakati wa sherehe. Dativa alikaa kizingitini anachambua mchele wa usiku, na kutoka pale nyumba ya Bi Asmahani, mlango wa nyuma ya duka, inaonekana vizuri. Aliona mtoto anafika mlangoni. Alimwona anainua mkono, anasita, kisha anagonga. Aligonga kwa nguvu, mpaka kuku mmoja akatoka chini ya mkokoteni.

"Nani?" Bi Asmahani aliita kutoka ndani.

 Dativa aliacha kuchambua, punje zikiwa kiganjani.

"Ni Justa."

 Bi Asmahani hakuwa mtu wa kuuacha utani unapopita mlangoni kwake. "Justa tu?" aliuliza.

Mtoto alifikiria. Alitazama mikono yake.

"Hapana," alisema. "Justa na bakuli."

Kicheko cha Bi Asmahani kilisikika mpaka barabarani. Dativa naye alicheka, mara hii hakuna alichokuwa anafunika, akainamia ungo wake na kuendelea kutoa mawe kwenye mchele.